Majina Waliyoipa Pua ya Mama

Mtu wa kwanza kutangaza hadharani kwamba mama yangu ana ukoma nilikuwa mimi. Sikunong'ona. Nilisema katikati ya soko la Kasongo, mbele ya meza yake ya vitenge, kwa sauti ya mtu aliyesoma biolojia miaka mitano Kisangani, anayeifundisha sekondari, na anayeamini kwamba watu wakielezwa vizuri wataelewa. Nikaongeza kwamba ukoma unatibika, kwamba dawa zake ni za bure, kwamba anayekunywa dawa hamwambukizi mtu. Wanawake wa meza za jirani walinisikiliza kwa adabu. Katika hotuba yangu yote waliondoka na neno moja tu.

Mwanzo wa mambo yote ulikuwa masikio. Sikio la mama lilikuwa likivimba bila sababu, linang'aa kama bilinganya, linakuwa la moto kiasi kwamba hawezi kulilalia. Baada ya wiki moja au mbili linapoa, kana kwamba halijawahi kuuma. Kisha zamu ya sikio la pili. Shangazi, dada ya marehemu baba, ambaye tunaishi katika uwanja wake, alikuwa na jibu tayari: herini. Mama alizinunua Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, alikokuwa akipeleka vitenge kwa pikipiki.

"Wale watu wa Salamabila wanakuuzia shaba, wanaiita dhahabu," shangazi alisema. "Na weye, wifi, unaona kitu kinang'aa, unaweka kwa masikio."

"Si ulitaka nikuletee weye pia?" mama akamjibu.

"Nilitaka. Sasa sitaki."

Wakacheka. Mama akavua herini na sikio likapoa, kama ambavyo lingepoa hata angezivaa. Sote tukaridhika. Mimi ni yule mtoto aliyefukuzwa chuoni kwa siku tatu, chuo cha Kurani namaanisha, kwa kumuuliza mwalimu anajuaje anayoyajua. Kisangani maprofesa walinikimbia kwenye korido. Lakini hadithi ya herini niliimeza nzima, kwa sababu ilitoka nyumbani na ilikuwa na kichekesho ndani yake.

Baadaye likaja suala la pua. Ilianza na maumivu kwenye mfupa wa juu, kati ya macho na ncha, hata mama akawa anashtuka akinawa uso kwa ajili ya sala. Katika muda wa wiki chache palibonyea. Ukimtazama kwa mbele ungedhani amenenepa kidogo. Ukimtazama kwa upande, katikati ya pua palikuwa pamezama kama njia ya Kabambare pale lori lilipokwama msimu mzima, na ncha ilikuwa imenyanyuka juu, inatazama watu.

Sokoni walisema pua haianguki bure. Walisema Salamabila kuna wanaume wengi na usiku mrefu. Walikuwa na maana ya kaswende. Hakuna aliyemwambia mama. Waliniambia mimi, kwa huruma, wakinishika mkono. Kila mtu aliyenihurumia siku zile nilimwandika moyoni mwangu kama adui, na sijawafuta.

Tulikwenda kwa munganga, kama tunavyomwita kila avaaye koti jeupe. Huyu alikuwa muuguzi wa kituo kidogo cha afya kwenye njia ya Kabambare, mwenye kazi ya kufuatilia kifua kikuu na ukoma. Hakuwa mtu mbaya. Alimpima mama kaswende, ikatoka safi. Kisha akachukua pamba.

"Funga macho, mama. Nikikugusa, sema."

"Hapo," mama alisema. "Hapo. Hapo tena. Munganga, unanichekesha."

Nikaingilia. "Anasikia kila mahali. Ukoma si unaua hisia za ngozi?"

"Mademoiselle umesoma wapi?" aliuliza, kama wanavyotuita sisi walimu tusioolewa.

"Kisangani."

"Kule Kisangani uliona wagonjwa wangapi wa ukoma?"

Akaitupa pamba.

"Mi nimeona wengi kuliko vitabu vyako. Ukoma iko na sura nyingi. Pua imeanguka, masikio yanavimba, kaswende hana. Sasa kumebaki nini?"

Kilichobaki kilikuwa kila kitu ambacho yeye na mimi hatukukijua, lakini hilo sikulisema. Kituo kile kilikuwa na dawa za magonjwa mawili, na kila aliyeingia mlangoni alitoka na moja ya hayo mawili. Alimpa mama karatasi za vidonge vya ukoma, za mwaka mzima. Na kwa kuwa pua na masikio vilikuwa vinawaka, akaongeza predinisoni, vidonge vya kutuliza uvimbe. Alisema ni mwili unapigana na ukoma, kwamba hali hiyo inaitwa reaksio, kwamba itatulia baada ya miezi mitatu.

Siku ya nne mama alilala usiku kucha. Wiki ya pili masikio yalikuwa masikio ya kawaida. Pua haikurudi juu, lakini iliacha kuuma. Mimi nikashindwa kwa furaha. Nilijiambia kwamba yule muuguzi wa njiani alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kiburi.

Mwanafunzi wangu akiniletea jaribio la namna ile ningempa sifuri. Vidonge vya aina mbili viliingia katika mwili mmoja siku moja. Mwili ukapata nafuu. Mimi nikatoa shukrani zote kwa vile vya ukoma, wala sikuuliza kama ni vile vingine vilivyofanya kazi. Nilitaka uwe ukoma. Ukoma ulikuwa safi kuliko kaswende. Ukoma ulikuwa na serikali nyuma yake, na mabango, na vidonge vya bure. Niliweza kuutetea. Ndiyo maana nilikwenda sokoni nikatangaza.

Kwetu futari huliwa pamoja. Wanaume wana sinia lao barazani, wanawake wana lao uani, na katika nyumba ya shangazi wanawake tunakuwa saba au wanane tukizunguka wali mmoja na samaki wa Nyangwe, kila mmoja na upande wake. Mama alikuwa na upande wake kushoto kwa shangazi tangu alipoolewa. Siku ya kwanza ya Ramadhani ile alikuta upande wake pamekaa binti wa jirani. Chakula chake kilikuwa pembeni, kwenye bakuli la bati, kimefunikwa vizuri, na kipande cha samaki kikubwa kuliko vyetu.

"Ni heshima, wifi," shangazi alisema bila kumtazama. "Mugonjwa anakula kwanza, anakula vizuri."

Nilisimama. Nilianza tena: vidonge, maambukizi, wiki ya kwanza ya tiba. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho.

"Mutoto yangu, si weye ulisema ni ukoma?"

"Nilisema anatibiwa."

"Ulisema ni ukoma. Sokoni wote walisikia. Sasa kaa, kula, wali unapoa."

Mama alichukua bakuli lake akaenda kula chumbani. Nilimfuata na sahani yangu.

Miezi mitatu ilipotimia, predinisoni ikaisha kama munganga alivyopanga. Vidonge vya ukoma viliendelea, na mama hakuruka hata siku moja, kwa kuwa nilimhesabia mwenyewe. Haukupita mwezi sikio la kushoto likavimba tena. Likaja la kulia. Kisha sauti. Mama alikuwa na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya soko, sasa ikawa ya kukwaruza, kama mtu aliyelia. Akitembea kidogo, pumzi yake ilipiga mluzi. Munganga akasema reaksio imerudi. Mimi niliuliza inawezaje kurudi kwa nguvu wakati ukoma wenyewe unakufa. Akasema nina maswali mengi kwa mtu asiye na mume.

Jibu nililipata darasani, na ninaona haya kulisema, kwa sababu lilikuwa katika somo ninalolifundisha kila mwaka. Nilikuwa nachora sikio ubaoni kwa wanafunzi wa darasa la tano la sekondari. Nilichora gegedu, ule mfupa laini unaoweza kuukunja kwa vidole, ulioshika umbo la sikio lote. Nikachora ndewe chini, ile nyama inayoning'inia, tunapotoboa herini. Nikasema kama ninavyosema kila mara: ndewe haina gegedu. Nikaandika. Kisha nikaendelea na mstari wa pili wa somo: gegedu iko wapi tena katika mwili? Na wao wakajibu kwa pamoja, kama nilivyowakaririsha: puani, kooni kwenye pete za njia ya hewa, mbavuni, kwenye viungo.

Niliweka chaki chini. Masikio ya mama yalikuwa yakivimba yote isipokuwa ndewe. Tundu la herini, ambalo tulilishitaki mbele ya familia nzima, ndilo mahali pekee pasipowahi kuvimba. Sikio, pua, koo. Nilikuwa nimelala nyumba moja na orodha ile kwa miaka miwili.

Wakati ule mjini Kasongo palikuwa na daktari aliyekuja kutoka mbali kwa wiki tatu kuwafundisha wenzake. Nilimpeleka mama bila kumwambia munganga. Daktari alikuwa kijana, amechoka, shati lake halikupigwa pasi. Sikumwambia wazo langu. Nilitaka nione kama atafika mwenyewe.

Alimkandamiza mama sikio juu, mama akaruka. Akamkandamiza ndewe, mama akakaa kimya. Alimmulika puani muda mrefu. Akamwambia apenge kamasi kwenye kitambaa cheupe, akakitazama kwa makini kama mtu anayesoma barua. Akagusa pete za koo, moja moja, na kila moja iliuma. Kisha akamwomba mkojo, akachovya kikaratasi chenye rangi, akakisubiri akitazama saa.

"Juu ya nini mukojo?" mama aliuliza. "Pua yangu haiko huko chini."

Daktari akacheka, na ndipo akatueleza. Alisema jaribio la pamba peke yake lingetosha kuonyesha kwamba si ukoma, maana mama anasikia hata nzi. Alisema kuna magonjwa ambayo hayaletwi na mdudu wala na mtu. Ni mwili wenyewe.

"Mama, unajua askari waliowekwa kulinda mji, halafu wanageuka wanapora nyumba za mji ule ule?"

"Baba, unamuuliza mutu wa hapa Maniema?"

"Basi ni hivyo. Sasa kuna makundi mawili ya askari wa namna hiyo ambayo yanaangusha pua, na nikikosea kundi, nitakosea njia ya kukulinda. La kwanza linapiga mishipa ya damu. Hilo linaozesha pua kwa ndani. Ungepenga damu na magamba meusi, ungekuwa na mashimo humo ndani, na baadaye lingekwenda kwenye mapafu na figo. Ndiyo maana nataka mkojo, figo zikianza kuharibika damu inaonekana hapa kabla hujasikia chochote. La pili linapiga gegedu tu. Pua haiozi, inazama, kama hema lililoondolewa mti. Masikio yanawaka na ndewe inabaki salama. Hilo figo linaziacha. Linakwenda kooni."

Kikaratasi hakikubadilika rangi. Alikiweka juu ya meza ili sote tukione.

"Nafikiri ni la pili," alisema. "Kuna kipimo cha damu cha kulitenga kabisa lile la kwanza, lakini kinapelekwa Kinshasa, na sidhani mtakipata. Naweza kuwa nimekosea. Mkiona damu kwenye mkojo au kwenye makohozi, sahauni niliyosema na mwanze upya."

Ni mtu wa kwanza katika jambo lile zima aliyesema kwamba anaweza kuwa amekosea. Nilimwamini kwa sababu hiyo, na sijui kama hiyo ni sababu nzuri.

"Na jina lake?" mama aliuliza.

"Polikondrite."

"Jina refu hivi kwa pua fupi hivi!"

Alicheka mpaka mluzi ukamkaba. Daktari hakucheka naye. Alisubiri apate pumzi, kisha akanigeukia mimi. Aliniambia kwamba vidonge vya ukoma viachwe, kwamba predinisoni ndiyo iliyomsaidia tangu mwanzo, na kwamba sasa hapaswi kuikosa. Akikosa, pete za koo zitalainika moja baada ya nyingine na njia ya hewa itajifunga. Akiikata ghafla, mwili wenyewe unaweza kuzimia, kwa kuwa umeizoea. Alitaja dawa nyingine ya kuongezea, akaiandika. Haijafika Kasongo mpaka leo. Baada ya siku chache daktari aliondoka.

Nilirudi sokoni na jina jipya. Nilidhani nitaufuta ukoma kwa mdomo ule ule. Niliwaeleza juu ya gegedu, nikawashika masikio, nikawakunjia. Muuza chumvi mmoja, mwanamke mwema kwa kila namna, alinisikiliza kisha akasema: "Mwaka jana ukoma, mwaka huu polikipi. Mwaka kesho utatuletea gani, mademoiselle?" Wakacheka. Nyumbani mama aliniambia niache. Alisema nimewaambia mara moja wakaamini, na watu hawana nafasi ya kuamini mara mbili. Shangazi, nakiri, alijaribu. Alimrudishia mama upande wake wa sinia. Mama alikaa siku moja, akaona binti wa jirani, kando yake, ameacha mstari wa wali kati yao asiougusa, akarudi kwenye bakuli kwa hiari yake.

Predinisoni tuliinunua kwenye duka la dawa. Kopo la kwanza lilifanya kazi. Kopo la pili lilikuwa na rangi ile ile na maandishi yale yale, na baada ya siku tano mama alikuwa amekaa kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili, anavuta hewa kwa mabega. Nilikivunja kidonge kimoja nikakionja. Kilikuwa hakina uchungu wowote. Predinisoni ni chungu, hilo mama alikuwa amenifundisha kwa kukunja uso kila asubuhi. Tulikuwa tumemlisha unga.

Palikuwa na mahali pamoja tu nilipojua kwamba vidonge ni vya kweli. Nilimpandisha mama kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, tukashika njia ya Kabambare.

Munganga alisoma karatasi ya daktari mara mbili. Aliikunja kwa heshima akanirudishia.

"Nimekubali," alisema. "Ule amesoma kunipita. Nilikosea, mama, unisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Sasa dawa ya hii polikondrite, mi sina," akaendelea. "Predinisoni niliyo nayo ni ya reaksio ya ukoma. Inakuja kwa hesabu, na kila kidonge kiko na jina la mutu wa ukoma. Mama akiwa na ukoma, nampa. Kama hana, siwezi."

"Ataishiwa hewa," nilisema. "Unamsikia?"

"Namsikia. Ndiyo maana nawaambia namna ilivyo. Niandike nini?"

Alikuwa amefungua daftari, kalamu mkononi. Nilimwambia kwamba ni uongo, kwamba yeye mwenyewe amekiri sasa hivi kwamba ni uongo. Mama ndiye aliyejibu, maneno mawili mawili, kati ya mluzi na mluzi.

"Andika ukoma."

"Mama, huna ukoma."

"Sokoni ulisema ninao. Tangu pale, nani amenunua kitambaa kwangu? Jina hili nimekwisha kulilipa." Akavuta pumzi. "Sasa lenyewe linilipe."

Munganga akaandika. Akanisogezea daftari nitie sahihi kama msindikizaji. Niliuliza, kwa kuwa siwezi kujizuia, kama yuko mgonjwa mwingine anayezisubiri dawa hizi. Alifikiri kidogo kabla ya kusema. Nadhani alikuwa anapima kama anidanganye.

"Iko mutu mmoja, huko Lusangi. Ule ni ukoma kweli. Mikono inamuwaka, vidole vimeanza kukunjika. Atakuja wiki hii ama wiki kesho. Pengine zingine zitakuwa zimefika."

"Na zisipofika?"

Aliinua mabega. Mama alikuwa akinitazama. Hakuniomba kitu. Alikuwa anavuta hewa tu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi hiyo.

Nilitia sahihi, jina kamili, mwandiko mzuri wa mwalimu. Juu ya sahihi yangu, kwa wino bado mbichi, palikuwa pameandikwa neno nililolitangaza na kisha kulikana, na safari hii nililishuhudia. Munganga alihesabu vidonge ishirini na vinane mara mbili, akavifunga kwenye karatasi. Mama aliomba maji, akameza cha kwanza pale pale kwenye benchi, akakunja uso kwa uchungu wake.

"Ni vya kweli," alisema.

Tulikaa hadi mluzi uliposhuka kidogo, kisha tukarudi Kasongo. Mwezi uliofuata tulikwenda tena. Kwenye benchi palikuwa na mtu, mikono yake imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na mama akasogea ili wakae wote wawili.